Mgeni wa Kujitolea Chini ya Mlima Mulanje

Kijana wa Ulaya au Marekani anayefika Mulanje, kusini mwa nchi jirani ya Malawi, kwa kazi ya kujitolea, huenda akakaa siku kadhaa bila kuuona mlima wenyewe. Mwezi Juni na Julai huteremka ukungu wa baridi wenye manyunyu, ambao wenyeji huuita chiperoni, kwa jina la mlima ulio ng'ambo, Msumbiji. Mashamba ya chai hung'aa kwa unyevu, na kilele cha Sapitwa, chenye urefu wa mita 3,002, hubaki kimefichika mawinguni.

Jambo la pili linalomshangaza ni salamu. Yeye ameshika sepetu, ana haraka ya kuanza. Wenyeji nao hawana kazi inayotangulia kujuliana hali. "Muli bwanji?" huulizwa kila mtu, na kila mtu hujibu. Mgeni huhesabu dakika zinazopotea. Laiti angejua kwamba hapo ndipo anapopimwa!

Kazi ikianza, viganja vyake huota malengelenge kabla ya adhuhuri, na akina mama waliochimba tangu alfajiri, wengine wakiwa na watoto mgongoni, humcheka kwa upole na kumpa nsima, yaani ugali. Hapo ndipo fikra aliyotoka nayo kwao huanza kuyumba. Alidhani kijiji kimekosa mikono, kumbe mikono ni tele.

Historia ya wilaya hiyo yathibitisha hayo. Mwaka 1968, eneo la Chambe, wananchi walianza kuchimba mitaro ili maji ya vijito vya mlimani yateremke yenyewe hadi vijijini, pasipo mashine wala mafuta. Serikali ilitoa mabomba na utaalamu, naye mhandisi Lindsay Robertson akaongoza ufundi. Machifu na kamati za vijiji ndio waliopanga zamu. Mpango huo ulienea katika wilaya nyingine, na vijana wa Peace Corps, ambao walikuwa wameingia nchini humo tangu mwaka 1963, walishiriki wakiwa wasaidizi.

Kwa mama wa nyumbani, bomba karibu na mlango lilimaanisha kuacha safari ndefu ya kisimani na ndoo kichwani. Faida hiyo haihitaji hotuba.

Lakini maji ya mteremko hutegemea msitu ulio juu. Miti ikikatwa, vijito hupungua. Na mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa la Malawi, umekatwa kwa wizi hata ukakaribia kutoweka mlimani humo. Watu nao wameongezeka, mabomba yamezeeka, na baadhi ya koki zimekauka. Machi 2023 Kimbunga Freddy kiliporomosha matope na mawe juu ya vijiji vya Mulanje na Phalombe.

Basi mgeni wa leo akiuliza achimbe wapi, huenda akaelekezwa kwenye koki inayovuja. Kipande cha mpira kimechakaa. Kukibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Kazi ngumu ni kupata kaya zote zinazochota hapo zichange fedha za kukinunulia kingine, na kumpata mtu wa kuzitunza fedha hizo hata baada ya mgeni kupanda basi la kurudi Blantyre. Mara nyingi mtunzaji huyo ni mama wa makamo, mwenye daftari la shule lililofungwa kwa uzi, ambaye jina la mgeni hajalishika bado.