Kafka, Kavka, Kafika: Tafakuri juu ya Jina la Mtunzi

Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Methali hii inasifu mwanga wa jina, lakini haituambii kinachoonekana kwa mwanga huo, wala haitutahadharishi kwamba mwanga mkali huweza pia kupofusha. Katika insha hii nakusudia kulitazama jina la ukoo la Franz Kafka, mtunzi aliyezaliwa Prague mwaka 1883 na kufariki karibu na Vienna mwaka 1924. Sikulichagua kwa sababu za fasihi linganishi peke yake. Nina deni nalo, na ni vyema nianze kwa kulikiri.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, kijana wa pwani, alinijia ofisini. Alikuwa amekwenda mara nne kuomba kitambulisho cha taifa, na mara nne akarudishwa. Kwa desturi ya kwao alikuwa na majina matatu: lake, la baba na la babu. Katika hati za baba yake, babu aliandikwa Omar. Katika cheti cha kuzaliwa cha kijana, babu huyo huyo aliandikwa Omari. Karani alimtaka alete ushahidi kwamba watu hao wawili ni mmoja, ilhali mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Bila kitambulisho kijana hangeweza kuomba mkopo wa masomo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikatikisa kichwa, kisha nikamwambia:

"Mwanangu, hayo ni mambo ya Kafka hasa."

Akanitazama kwa mshangao. "Kafika? Nani kafika, mwalimu? Mimi sijafika popote."

Nilicheka. Nikamweleza Kafka ni nani, nikamtajia riwaya mbili tatu, naye akanishukuru kwa adabu akaondoka. Hakuondoka na barua, wala na jina la mtu wa kumwona.

Kosa lake la sikio limenisumbua tangu siku hiyo. Kiswahili hakina mazoea ya kuzikutanisha f na k bila irabu kati yake. Kijana aliingiza i, kama ambavyo lugha yetu imefanya kwa maneno mengi ya kigeni, na papo hapo jina likapata maana: kafika, yaani amefika. Haiyumkini kupata kinaya kikubwa kuliko hiki. Wahusika wa Kafka hawafiki. Katika Das Schloss, yaani Kasri, riwaya iliyochapishwa mwaka 1926 baada ya mtunzi kufa, mpima ardhi anaitafuta njia ya kuingia katika kasri na haipati. Mtu wa shamba katika kisa cha mlango wa sheria huketi mlangoni mpaka anakufa. Gracchus, yule mwindaji, ameshindwa hata kufikia mauti: amekufa, na bado chombo chake chazunguka majini.

Katika Kicheki, kavka ni ndege wa jamii ya kunguru, mdogo, mweusi, mwenye kisogo cha kijivu. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuchorewa picha. Kunguru wetu wa mjini, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea mwambao, ni wa aina nyingine, ila shingo yake ina rangi hiyo hiyo. Hermann Kafka, baba wa mtunzi, alimfanya kavka kuwa nembo ya biashara yake mjini Prague. Kijana Franz alikua akimwona ndege wa jina lake kwenye karatasi za duka la baba. Jina lilikuwa la ukoo, la baba na la bidhaa kwa wakati mmoja.

Hata hivyo ndege huyo, kwa Kijerumani, huitwa Dohle. Kwa msomaji wa Kijerumani asiyejua Kicheki, Kafka ni sauti tupu. Mtunzi aliijua lugha ya Kicheki vizuri, lakini vitabu vyake aliviandika kwa Kijerumani, na kwa hiyo kila kitabu kilibeba juu ya jalada neno la lugha ambayo ndani hamkuandikwa. Hali hii si ngeni kwetu. Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipoliacha jina la James, tumejadili mara nyingi uhusiano wa jina la mtunzi na lugha ya kazi yake. Aghalabu tumeuliza kama jina lasadifu uhalisi wa mtu. Mfano wa Kafka waongeza swali lingine: je, jina laweza kusema jambo ambalo kitabu kinalinyamazia?

Historia ya majina hayo nayo yafaa kukumbukwa. Mwaka 1787 Kaizari Joseph wa Pili aliwaamuru Wayahudi wa himaya yake wawe na majina ya ukoo ya kudumu. Kabla ya hapo wengi wao walitambulishwa kwa jina la mtu na la baba yake, mfano wa fulani bin fulani wa kwetu. Dola ilitaka watu wanaoandikika, wanaohesabika na wanaotozeka kodi. Kwa hiyo hata kabla Kafka hajazaliwa, jina la ukoo katika jamii yake lilikuwa jambo la daftari la serikali. Ndani ya jamii hiyo alikuwa na jina jingine la Kiebrania, Amschel, ambalo kwa sikio la Mjerumani lamkumbusha Amsel, ndege mweusi mwimbaji.

Mtunzi mwenyewe alilichezea jina lake kwa siri. Mwaka 1913 aliandika katika shajara jinsi alivyogundua kwamba sehemu ya jina la mhusika wake Bendemann ina idadi ya herufi sawa na Kafka, na irabu zake zimekaa mahali pale pale. Samsa, yule aliyeamka akiwa mdudu, ana umbo hilo hilo: konsonanti ile ile yarudi, na irabu a yarudi. Mhusika mwingine aliitwa Raban, na Rabe kwa Kijerumani ni kunguru mkubwa. Gracchus nalo halikuja kwa bahati tu, maana graculus kwa Kilatini ni yule yule kavka. Kisha jina likapunguzwa hadi herufi moja, K., ingawa mwaka 1914 alikiri katika shajara kwamba herufi hiyo humchukiza.

Baada ya kifo chake wasomaji walifanya kinyume. Herufi iliyobaki wakaigeuza kivumishi, na leo lugha nyingi zina neno la kueleza urasimu usiomithilika kwa jina la mtu huyu. Hapa ndipo penye deni langu. Kivumishi hicho hueneza hali ya kufadhaika bila kumtaja mtenda. Nilipomwambia kijana kwamba mambo yake ni ya Kafka, nililigeuza tatizo lenye karani, dawati na herufi moja ya ziada kuwa majaaliwa.

Kafka hakufanya hivyo. Tangu mwaka 1908 hadi 1922 alikuwa afisa wa taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi katika Bohemia. Aliandika ripoti juu ya mashine za randa zilizokata vidole, akaonyesha kwamba mhimili wa mraba ndio hatari na ule wa mviringo ni salama zaidi. Hakuiita mashine kitendawili. Aliitaja sehemu inayokata, na ile ya kuiweka badala yake.

Kunguru mwoga, husema wahenga, hukimbiza ubawa wake. Nami siku ile niliukimbiza wangu nyuma ya jina la mtunzi mkubwa. Kijana alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii nilimwandikia barua, tukaenda pamoja kwa wakili, mzee mmoja wa kwao akaapa kwamba Omar na Omari ni mtu mmoja. Kitambulisho kilitoka, lakini mkopo wa mwaka ule ulikuwa umekwisha kumpita, naye akapoteza mwaka mzima wa masomo.

Sasa ninapomfundisha Kafka, huandika ubaoni majina matatu yaliyo katika anwani ya insha hii. Wanafunzi hucheka wanapofika la tatu. Huwaacha wacheke, kisha huwauliza ni nani aliyefika.