Antonio Alibaki Peke Yake

Vitabu vya kutuhusu hatukuwa navyo. Tanga ya miaka ya tisini, mvulana aliyempenda mvulana mwenzake alikuta habari zake kwenye vijembe vya barazani, basi. Kilichoandikwa kwa heshima hakikuwepo. Tukajitafuta katika vitabu vya watu wengine, vile vile walivyotugawia walimu bila kushtuka.

Mimi nilianza na Mwalimu Nyerere. Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mwaka 1969 ya mchezo wa Shakespeare, niliisoma kwenye maktaba ya mkoa, lile jengo lililopewa jina la Mfalme George wa Sita, ambako ungeweza kukaa hadi jioni bila mtu kukuuliza unasoma nini. Darasani tulifundishwa habari za riba na ratili ya nyama. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Antonio. Mchezo unaanza ana huzuni ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi. Rafiki yake Bassanio anataka fedha za kwenda kuposa, naye anauweka mwili wake rehani ili rafiki azipate. Mahakamani, kisu kikinolewa mbele yake, anachoomba ni mke wa Bassanio asimuliwe jinsi yeye Antonio alivyompenda mumewe. Mwishoni kila mtu ana mwenzake, na Antonio anapewa habari kwamba meli zake zimefika salama. Meli! Nilitoka nje nikatembea hadi Bombo, upande wa bahari, nimemkasirikia Shakespeare na moyo umejaa furaha kwa wakati mmoja. Huzuni yangu kumbe ilikwisha kuandikwa, tena kwa Kiswahili cha Baba wa Taifa.

Wa pili alikuwa Abunuwasi. Nani hakusimuliwa kisa cha sufuria iliyozaa? Ami yangu, aliyekaa Maskati miaka mingi na kujua Kiarabu cha vitabuni, alinikuta nazisoma hekaya zile huku yeye akimenya embe uani. Akasema, wala hakushusha sauti: "Mwanangu, huyo wa hekaya ni kivuli tu. Abu Nuwas wa Baghdad alikuwa mshairi mkubwa. Ameusifu mvinyo, na amewaandikia wanaume mashairi ya mapenzi." Nikamwuliza: "Na watu walimsoma, ami?" "Mpaka leo wanamsoma." Akaendelea na embe lake. Hajui, Mungu amrehemu, alinipa nini siku ile. Mwaka 2001, Wizara ya Utamaduni ya Misri ilipoteketeza nakala zipatazo 6,000 za mashairi hayo ya mapenzi, niliumia kama aliyechomewa nyumba ya babu yake, mshairi mwenyewe akiwa amefariki tangu mwanzoni mwa karne ya tisa.

Namna ya kuandika nilijifunza kwa mtu wa kwetu. Shaaban Robert amezikwa Machui, kusini ya mji. Katika Kusadikika, cha mwaka 1951, Karama anashitakiwa kwa kufundisha watu sheria, naye anajitetea kwa hadithi, mjumbe baada ya mjumbe, siku sita, mpaka baraza linamsikiliza. Nilikijaza kaunta buku kizima kwa nchi zisizokuwepo, wapenzi wangu wakisafiri humo kwa majina ya ndege. Kwa wanaume wanaolala pamoja sheria yetu inatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha; ndege hawashitakiwi.

Januari 2014 mambo yalibadilika. Siku alipotimiza miaka 43, Binyavanga Wainaina wa Nakuru alichapisha insha ambamo anajiwazia yuko kando ya kitanda cha mama yake, aliyefariki mwaka 2000, akimwambia kwamba anapenda wanaume. Jina lake, sura yake, mama yake. Niliisoma kwenye simu, kisha nikawa siwezi tena kuandika habari za ndege.

Lakini ilikuwa Kiingereza, na karibu kila kilichofuata kilikuwa Kiingereza. Ndiyo maana nilikipokea kwa shangwe Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilipotoka mwaka 2022. Humo yumo mnyapara wa msafara, Mohammed Abdalla, ambaye sifa zake za kuwaandama wanaume zinajulikana na kila mpagazi. Ni mtu wa kutisha, na kwake tamaa ni ubabe mtupu. Siyo mapenzi niliyoyataka. Hata hivyo pwani ni yetu, na hakuna anayejifanya kwamba jambo hilo lililetwa na meli.

Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili. Vijana wawili watatu wanaoandika waliniuliza sasa wasome nini. Niliwapa Abunuwasi, Kusadikika na Peponi, na nikawapa pia kurasa zangu zilizochapwa, za mshona viatu wa Ngamiani na nahodha wa Pangani, wote wawili na majina ya watu. Mmoja amezirudisha na masahihisho kila ukurasa. Anasema nahodha anazungumza mno.