Godoro la Watu Wawili

Yako mambo ambayo mtu huona haya kuyaandika gazetini, si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa yametukia chumbani. Habari ya godoro ni mojawapo. Lakini tangu tuanze kuulizana na walimu wenzetu, na wazazi wa wanafunzi, na hata mama wa Legio ya Maria, tumeona kwamba karibu kila nyumba ina mgongo wake unaouma, na kila nyumba ina dawa yake ya kitanda. Nyingi za dawa hizo ni kama ile ya kwetu, yaani ya kujitungia. Kwa sababu hiyo twaandika.

Kazi yetu ni ubao na chaki. Asubuhi twasimama, jioni twainama juu ya madaftari ya watoto hamsini na kitu. Miaka miwili iliyopita, mwisho wa masika, tulianza kuamka na kiuno kizito. Kuinuka kitandani kukawa kazi ya kufanywa kwa hatua: kwanza ubavu, kisha kiwiko, kisha miguu sakafuni, kisha kushika ukuta. Kufunga kamba za viatu tulimwachia mtoto wetu wa pili, naye akajiona mtu mkubwa.

Godoro letu lilikuwa la arusi. Lilikuwa la sponji, unene wa sentimeta 10, nalo lilikuwa limetumika miaka tisa. Katikati lilibonyea mfano wa mtumbwi, na sisi wawili tulikuwa kama abiria wanaotelemkia mle usiku kucha. Huku kwetu Lubumbashi watu wengi husema matela, wakilifuata neno la Kifaransa. Kwa jina lo lote, lile letu lilikuwa limekwisha kufa, ila hatukuwa na fedha za kulizika.

Sasa tuungame kosa letu. Katika seminari ndogo tulilala kwenye vitanda vyembamba, juu ya magodoro ya majani makavu, na tulijisifu kwamba tu vijana wa chuma. Tukatoka huko na imani moja ambayo hakuna padri aliyetufundisha: kwamba kitanda kigumu ni cha mtu mwema, na kitanda laini ni cha mvivu. Mtu akituambia mgongo unamwuma, tulimjibu kwamba amezoea kulala laini mno. Basi ulipofika wakati wa mgongo wetu wenyewe, hatukuuliza mtu. Tulimwendea seremala, tukanunua mbao mbili pana, tukazilaza juu ya chaga za kitanda, na lile godoro la mtumbwi tukalitandika juu yake. Wiki ya kwanza kiuno kilitulia kidogo, au tulidhani kimetulia. Tukajisifu mbele ya walimu wenzetu, na wawili wakanunua mbao.

Mama wa nyumba yetu hakusema neno. Nasi tukahesabu kimya chake kuwa kibali.

Ilikuwa Kwaresima. Baada ya Pasaka maumivu yalirudi, tena zaidi. Mwishowe tulikubali kwenda zahanati, na mama akatusindikiza, mtoto mdogo mgongoni. Sista mwuguzi hakutugusa kwanza, aliuliza. Je, mguu umekufa ganzi au kulegea? Je, sehemu za siri zina ganzi? Mkojo au haja kubwa hutoka pasipo kujua, au mkojo hukataa kutoka? Kuna homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu? Uliwahi kuanguka vibaya? Akatueleza kwamba kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kuingia katika mifupa ya uti wa mgongo na kuila. Mwenye dalili moja katika hizo asikae nyumbani akibadili magodoro, bali aende hospitali, na mwenye ganzi ya sehemu za siri au aliyeshindwa na mkojo aende siku ile ile. Sisi hatukuwa na hata moja. Akatuambia kwamba katika watu 10 wenye maumivu ya kiuno, kama 9 ni wa namna yetu: hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa ulioonekana, lakini maumivu ni ya kweli.

Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitazamia: "Mwalimu, na mama analala je?"

Tukajibu upesi kwamba analala vema.

Sista akamtazama mama. Mama alikuwa akitazama sakafu. Akasema kwa sauti ndogo: "Sista, tangu zile mbao ziingie, baba akisha kusinzia mimi huenda kulala kwenye mkeka wa watoto. Hurudi kabla ya kengele ya kwanza. Bega na nyonga haviwezi pale."

Wasomaji wapenzi, tangu Kwaresima mpaka baada ya Pasaka! Mwanamke ananyonyesha, anachota maji, anauza maandazi, naye kila usiku anahama kitanda cha ndoa kimya kimya, asituvunje moyo juu ya dawa yetu. Tulifundisha watoto hesabu na katekisimu, na hatukujua nani amelala ubavuni mwetu. Njiani kurudi hatukusema mengi. Hata leo twaona haya tukikumbuka lile jibu letu la upesi.

Sista alikuwa ametueleza jambo lenyewe kwa mkono wake. Mtu si ubao, alisema. Alalaye ubavu ana bega na nyonga zilizotokeza, na kiuno kilichoingia ndani. Kitanda kikiwa kigumu kama sakafu, bega na nyonga hubeba uzito wote, na kiuno huning'inia. Kikiwa laini mno, nyonga huzama na uti hupinda kama upinde. Kinachotakiwa ni katikati: godoro lizamishe bega na nyonga kidogo, na kulishikilia tumbo la mgongo. Baadaye tulisoma kwamba waganga wa Hispania walilijaribu jambo hili, na matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wakawagawia wengine magodoro magumu na wengine magodoro ya ugumu wa kati, pasipo wao kujua wamepewa la namna gani. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi kitandani na wakati wa kuamka. Basi ile imani yetu ya chuma ilikuwa imekwisha kupimwa na kupatikana imepungua, nasi tukiwa bado twaihubiri.

Tena, tukifikiri kwa Kikatoliki, ilitoka wapi? Miongoni mwa walioileta Injili Katanga ni Wabenediktini, waliofika mwaka 1910. Baba yao, Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 55 ya Kanuni yake, anawapangia wamonaki matandiko: mkeka, blanketi, shuka nzito na mto wa kichwa. Ni machache kweli. Lakini hata mto hakuwanyima, wala hatuoni pahali aliposema kitanda kimwumize mtu, sembuse mke wa mtu.

Ikabaki fedha. Tulikuwa tumetunza kidogo kidogo kwa miezi saba, na kila franka ilikuwa na jina: Komunyo ya kwanza ya mtoto wetu wa kwanza. Gauni jeupe, mishumaa, mbuzi mmoja, na wageni wa pande zote mbili. Tulitaka kuahirisha godoro. Mama ndiye aliyesema: "Yezu atakuja kwa mtoto hata tukila maharage." Hatukuwa na jibu. Gauni lilinunuliwa, mbuzi hakununuliwa. Kaka yetu mkubwa alikula maharage, akasema mbele ya wageni kwamba walimu wa siku hizi hawajui tena sherehe. Tulinyamaza. Kumweleza mtu kwamba mbuzi wake amegeuka godoro si jambo rahisi.

Tulikwenda soko la mtaa wa Kenya siku ya Jumamosi, sote wawili. Hapo ndipo tulipojifunza zaidi. Wauzaji husifu unene, nao hupiga godoro kofi ili lilie. Unene ni jambo, lakini siyo siri yenyewe. Magodoro mawili yalikuwa ya kipimo kimoja: urefu sentimeta 190, upana 140, unene 20. Kwa jicho ni mapacha. Tulimwomba mwuza unga wa jirani mzani wake wa kuning'iniza, tukayakunja na kuyafunga kamba. La kwanza lilikuwa na kilo 8, la pili kilo 14. Mwalimu hapotezi nafasi ya hesabu: 1.90 mara 1.40 mara 0.20 ni meta za ujazo 0.532. La kwanza basi lina kilo 15 kwa kila meta moja ya ujazo, la pili kilo 26. La kwanza ni hewa nyingi na sponji kidogo. Baada ya muda mfupi litakuwa mtumbwi mwingine. La pili litadumu. Mwuzaji hakufurahi, ila watu waliosimama walifurahi sana, na mmoja akaomba lake nalo lipimwe.

Lakini uzito si ugumu. Lipo godoro zito lililo laini, na lipo zito lililo kama sakafu ya kanisa. Mwuzaji alitusukumia lililo gumu kuliko yote, akisema, "Hili ndilo la mgongo, Mwalimu, wazee wote hulitaka." Miezi michache nyuma tungalilipa pale pale. Safari hii tulimgeukia mama.

Mwanamke mwenye heshima kulala sokoni mbele ya watu! Alikataa mara mbili. Basi mama mmoja mwuza vitenge akavuta kitenge kimoja akakishika kama pazia, akasema: "Lala, mama, wewe ndiwe utakayelilalia." Akavua viatu, akalala ubavu, kama alalavyo nyumbani. Sista alikuwa ametufundisha: pitisha mkono chini ya kiuno. Ukipita ovyo kama chini ya daraja, godoro ni gumu mno. Usipopita kabisa, na nyonga imezama, ni laini mno. Ukipita kwa kusukuma kidogo, hapo pazuri. Kisha tukalala sisi, kisha wawili pamoja, kwa maana sisi tu wazito kumpita kwa kilo 25, na godoro dhaifu humtelemsha mwepesi kwa mzito. Lile gumu mama alilikataa kabla hajafika dakika mbili. La tatu alilinyamazia muda mrefu, hata mwuza vitenge akauliza kama amelala. Ndilo tulilonunua, baada ya kulipeleka nalo mzanini: kilo 13. Seremala alipolitazama nyumbani, alitwambia chaga zetu zilikuwa mbali mbali mno, akaongeza tatu katikati, maana godoro jema juu ya chaga mbovu huharibika kama jipya juu ya matope.

Tusiseme uongo: asubuhi ya kwanza mgongo uliuma vile vile. Godoro si dawa. Ni kuacha kujiumiza usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, linasifu mazoezi na mafundisho, na halipendekezi ile mikanda ya kufunga kiuno iuzwayo kila mahali. Sista naye alitaka tutembee kila siku, na tusikae juu ya madaftari saa nzima bila kuinuka. Tena alitaka tufikiri juu ya maji. Bido la lita 20 ni kilo 20, na mama alikuwa akibeba manne kila siku. Sasa mawili ni yetu, la mkono huu na la mkono huu, nusu nusu, asubuhi kabla ya shule. Wanafunzi wetu walicheka wiki moja: mwalimu anachota maji! Wiki ya pili walizoea. Mgongo ulianza kutulia mwezi wa pili. Kamba za viatu twazifunga wenyewe, na mtoto wa pili amenung'unika kwa kunyang'anywa cheo.

Wale walimu wawili walionunua mbao tumewaambia ukweli. Mmoja alikwenda kumwuliza mke wake. Mwingine bado.

Mbao zetu seremala alizitia miguu, zikawa benchi chini ya mwembe. Jumapili iliyopita kaka yetu mkubwa alikuja, akalikalia kitambo, akajigeuza huku na huku, akauliza ni nani aliyetengeneza benchi gumu namna hii. Mama alicheka, akaingia jikoni kumletea mto.