Hesabu ya Barabara ya Mikumi

Mjukuu wangu wa hapa Kilosa anasoma kidato cha tatu. Juzi alileta daftari la fizikia akasema, "Babu, hesabu hizi zanishinda. Kitu ni kimoja, mwendo wake ni miwili!"

Nikamjibu: "Uketipo katika gari la moshi, kwa jirani yako wa kiti umetulia tuli. Kwa mkulima aliye shambani, wapita mbio. Hakuna asemaye uongo. Basi, kabla ya kuandika lolote, uliza: nani anatazama?"

Aliposhika hilo, mengine yalikuwa mepesi. Wawili wakielekea upande mmoja, mwendo mdogo hutolewa katika mkubwa. Wakija kukutana, hujumlishwa.

Kisha tukahesabu jambo lililo karibu na moyo wangu, maana kijana huyu ana hamu ya kuwa dereva. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kilometa kama 50, na malori ni mengi. Tuseme lori laenda kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kila sekunde. Basi lililo nyuma laenda kilometa 72, yaani meta 20. Kwa macho ya mwenye lori, basi lamkaribia kwa meta 10 tu kila sekunde. Ili kulipita na kurudi upande wake salama, basi lahitaji kulizidi lori kwa meta 60. Hizo ni sekunde 6. Katika sekunde hizo basi limekwenda meta 120. Na gari lijalo mbele, likiwa na mwendo wa 72, nalo limekuja meta 120. Jumla ni meta 240, zaidi ya viwanja viwili vya mpira!

Kijana akanyamaza. Halafu akauliza, "Na penye kona, Babu?"

"Penye kona huoni meta 240. Jibu lake ni kukaa nyuma ya lori."

Wazazi wenzangu, tuwafundishe watoto hesabu hii hata kabla hawajashika usukani wa gari au pikipiki. Nasi tukiwa abiria, dereva akitaka kulipita lori asikoona mbele, tusione haya kumwambia, "Ndugu, ngoja kwanza." Kufika kwa kuchelewa si aibu.