Nilimwambia Ami Astahimili

Nalisema kosa hili wazi kwa sababu Ramadhani hurudi kila mwaka, na ikirudi, ufuo wa Shelly hujaa watu baada ya swala ya alasiri. Maji yakipwa, vijana wa Timbwani hucheza mpira kwenye mchanga mgumu, na wengine hukimbia hadi karibu na wakati wa kufuturu. Mimi nilikuwa nikiongoza kikundi cha mazoezi hapo. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ana kisukari cha ukubwani. Nilimwingiza kwenye mazoezi ya kasi hali amefunga, sikumuuliza anakunywa dawa gani, na alipoanza kuishiwa nilimhimiza aendelee.

Mazoezi yenyewe sikuyazua. Ni ya kubadilisha mwendo: dakika 3 unatembea kwa kasi hadi pumzi inapanda, dakika 3 unatembea pole, kisha unarudia, duru 5 au zaidi, siku 4 au zaidi kwa wiki. Hiroshi Nose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, waliwajaribia watu wa makamo na wazee, wakatangaza matokeo yao mwaka 2007. Mwaka 2013 Kristian Karstoft na wenzake wa Copenhagen, Denmark, walichapisha utafiti kwa wenye kisukari cha aina ya 2, hicho cha ukubwani. Kundi moja lilitembea mwendo mmoja, jingine likabadilisha kasi, yote mawili saa nzima, siku 5 kwa wiki, kwa miezi 4. Nguvu waliyotumia ililingana. Waliobadilisha kasi ndio waliopata pumzi, wakapungua mwili na sukari yao ikashuka. Wa mwendo mmoja hawakupata faida hiyo.

Nilipoyasoma hayo nilifurahi mno, maana ami alikuwa akitembea kila asubuhi na sukari haishuki. Nikamwambia kutembea kwake ni kupoteza wakati. Hilo nalo ni kosa, wala si dogo: kutembea pole kuna faida zake nyingi, na mtu mzima asivunjwe moyo kwa jambo jema alilojizoesha mwenyewe.

Lakini kuna jambo nililipita kwa haraka. Wale waliojaribiwa Copenhagen, kabla ya kuanza, kila mmoja alipimwa uwezo wake, na kasi yake ikapangwa kwa kipimo hicho. Kasi ya mtu ni ile inayomfanya yeye ahemewe, aweze kusema maneno machache lakini asiweze kuimba. Mimi nilimpa ami kasi ya vijana wangu wa mpira.

Jioni ile tulianza kama saa moja hivi kabla ya magharibi. Duru za kwanza alikwenda vizuri. Kisha jasho likamtoka jingi, mikono ikawa yatetemeka. Akaniambia, “Mwanangu, miguu hainibebi.” Nikamjibu, “Ami, stahimili, zimebaki duru mbili.” Nilidhani ni uchovu. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio ni dalili za mtu aliyekimbia, na ndizo dalili za sukari iliyoshuka. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mwenye kisukari anayefanya mazoezi, na kiongozi wa mazoezi asiyelijua hilo hafai kumwongoza. Mimi sikulijua.

Alipoanza kunijibu maneno yasiyoingiana ndipo nikamkalisha. Na hata hapo nikafanya kosa ambalo hadi leo hunikosesha usingizi. Mtu mmoja alisema apewe kitu cha sukari. Mimi nikasema adhana iko karibu, tungoje. Nilimwonea haya kumfunguza mzee saumu yake mbele ya watu. Aliyemwokoa ni mama jirani anayetembelea nyumba za mtaa kwa kazi ya afya. Alikuja na mashine yake ya sukari, akamdunga kidole, akakiona kipimo kiko chini sana, akamnywesha maji ya sukari papo hapo bila kuniomba ruhusa. Ami alilia. Alikuwa hajapata kula mchana wa Ramadhani tangu utotoni.

Hospitalini walimlaza usiku kucha. Dawa aliyokuwa akinywa ni glibenklamidi, na ile siku aliimeza wakati wa daku baada ya kula kidogo sana. Dawa hii huliamrisha kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo, na hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari ikishapandishwa yaweza kushuka tena. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikinywewa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari hivyo. Mwenye kujidunga insulini yumo kwenye hatari ile ile. Nayo misuli inapofanya kazi huvuta sukari ya damu bila kungoja insulini, na baada ya mazoezi huendelea kuivuta kwa saa nyingi ili ijaze akiba iliyotumika. Hiyo ndiyo faida ya mazoezi ya kasi. Kwa ami, aliyekuwa na dawa ile mwilini na hajala tangu alfajiri, faida hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Ami hakunilaumu. Mkewe alinilaumu, na alikuwa na haki.

Yafaa niseme pia tulivyoendelea, maana sitaki mtu asome haya akaogope mazoezi. Daktari alimbadilishia dawa. Ami alirudi ufuoni baada ya Idi, safari hii asubuhi, amekunywa chai, amepima sukari, na tende ziko mfukoni. Kasi anaipanga mwenyewe, na akisema basi, basi. Ramadhani iliyofuata alimwona daktari kabla ya mwezi kuandama, akaambiwa kinachomfaa: asifanye mazoezi ya nguvu saa za mwisho kabla ya magharibi, atembee baada ya kufuturu, na swala ya tarawehe nayo ihesabiwe kuwa ni mazoezi. Akaambiwa pia kuwa kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, au kikipita 16.6, afungue papo hapo. Kujidunga kidole hakubatilishi saumu, na mgonjwa ameruhusiwa na Qurani yenyewe kula na kulipa siku nyingine.

Ndugu zangu mnaoongoza watu mazoezini, Shelly, Mtongwe, Nyali na kwingineko pwani, kabla hamjampigia mtu mzima filimbi muulizeni maneno haya: una kisukari? Wanywa dawa gani, na umeinywa saa ngapi? Umekula? Macho, miguu na kifua vyako vikoje? Mwenye maumivu ya kifua, vidonda vya miguu au macho yaliyoharibiwa na kisukari aanzie kwa daktari. Wekeni sukari au tende karibu. Na mtu akiwaambia miguu haimbebi, msimwambie astahimili. Mpeni sukari kwanza, hata ikiwa adhana imebakisha dakika moja.