Kuta Zisizotaka Stika

Kazi ya stika niliiingia kupitia brashi. Miaka ya tisini, kijana mwenye mkono mtulivu hakulala njaa Kariakoo: kulikuwa na milango ya maduka ya kuandikwa, vibao vya daladala, mabango ya waganga wa meno yenye magego makubwa kuliko kichwa cha mgonjwa. Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya kuchovya brashi alipitisha kiganja ukutani, akakitazama. Kikitoka cheupe kwa chokaa, alifunga makopo yake na kudai ukuta upigwe praima kwanza. Wateja walimwona ana maringo.

Kisha ikaja plota. Wamarekani walikuwa nayo zamani. Kampuni ya Gerber ilitoa mashine ya kukata herufi za vinili, Signmaker III, mwaka 1983. Sisi tulizipata baadaye sana, nyingi zikiwa za mtumba. Maandishi yaliyonichukua asubuhi nzima kwa brashi yalikatwa nikiwa namalizia chai. Wachoraji wengi waliichukia, wakarudi kwao au wakahamia kwenye kupaka rangi nyumba. Mimi nilibadili chombo.

Kwa miaka mingi tulibandika kwenye kioo na bati, na vitu hivyo havina ubishi. Ondoa vumbi na mafuta, nyunyiza maji yenye tone la sabuni, laza stika, sukuma maji kwa skwiji, kazi imeisha. Atakayetaka kuibandua kwenye kioo cha nyuma cha daladala atafute wembe na subira. Kizazi kizima cha mafundi kilikua kikiamini kwamba stika nzuri hushika popote, na isiposhika basi ni feki.

Halafu ofisi zikataka maneno ukutani. Kuanzia Posta hadi Masaki kila taasisi ikawa na dira, dhamira na tunu zake, na lazima zote zionekane pale mapokezi. Neno “uadilifu” nimelibandika mara nyingi kiasi kwamba naweza kulipangilia nikiwa nimefumba macho. Kulipwa salio la kazi hizo ni habari nyingine. Shule za chekechea zikataka twiga. Hospitali zikataka vipepeo kwenye wodi za watoto. Kuta za mwanzo zilikuwa na rangi ya mafuta, au ile rangi ya maji yenye mng'ao ambayo mafundi huiita silki, na stika zilikaa vizuri. Ubishi ulianza rangi zilipobadilika.

Nakumbuka chekechea moja ya Mbezi. Mwalimu mkuu alinipigia simu kuhusu stika zilizobandikwa na karakana nyingine.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Fundi, njoo umwone mgonjwa wangu. Shingo imelala.”

Nilipofika nikamkuta twiga wa futi sita ameinama kuanzia mabegani, kichwa kinakaribia sakafu, watoto wamemzoea hivyo. Ukuta ulikuwa mzuri kwelikweli: laini, krimu, usio na mng'ao wala alama ya kidole hata mahali ambapo watoto hupanga foleni. Nikaishika ile shingo na kuigeuza. Gundi ilikuwa safi, inang'aa, haina punje ya vumbi, kana kwamba imetoka kwenye rola asubuhi ile. Nikachovya vidole kwenye kikombe cha maji nikarushia ukuta. Maji hayakutandaa. Yalijikusanya yakawa shanga, yakateremka bila kuacha njia.

“Rangi hii uliambiwa inaoshwa?”

“Ndiyo. Bei yake mbaya, lakini hata kalamu za nta za watoto zinatoka kwa kitambaa.”

“Basi ndiyo hiyo, mwalimu. Umenunua ukuta usiotaka kushikwa na kitu.”

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Gundi ya stika haina misumari. Ni gundi ya mgandamizo: ukiikandamiza inatambaa, inaingia kwenye vishimo vidogo vya ukuta, inaulowanisha, na kwa siku moja hadi tatu inaendelea kukaza. Ili ilowanishe, uso wa ukuta uwe na nguvu ya kuivuta. Wataalamu huipima nguvu hiyo kwa milinyutoni kwa mita. Kioo kisafi kinahesabiwa kwa mamia. Vinili yenyewe iko karibu na 39. Tefloni, ile ya vikaango visivyogandisha, iko kati ya 18 na 20. Sasa, uchafu nao hushika ukuta kwa njia ileile ya gundi, kwa hiyo mtengeneza rangi anayetaka ukuta usishike uchafu huongeza nta, silikoni au vitu vya ukoo wa tefloni ili kuishusha namba. Hapo hajatengeneza rangi mbovu. Ameahidi kwamba hakuna kitakachong'ang'ania, na ahadi ameitimiza.

Sababu ya pili ilitoka mbali zaidi. Rangi za zamani zilinuka kwa sababu ya viyeyushi vinavyoruka hewani, na viyeyushi hivyo vina madhara kwa anayevivuta. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2004, ulizipunguzia rangi za maji za kuta za ndani zisizong'aa kikomo cha viyeyushi hadi gramu 75 kwa lita kuanzia 2007, na gramu 30 kuanzia 2010. Viwanda vikabadilisha mapishi, na mapishi hayo yakasambaa duniani. Naafiki, nimepoteza usiku mwingi kwa kichwa kilichouma kwa harufu ya rangi. Lakini kilichopungua kilikuwa na kazi yake, na nafasi yake ikajazwa na vingine, vikiwemo vitu vya jamii ya sabuni vinavyosaidia rangi kuchanganyika na maji. Katika hewa ya unyevu kama ya pwani yetu, hasa masika, sabuni hiyo hupanda juu ya rangi mpya. Pitisha kitambaa chenye maji utaona kinateleza na kutoa povu. Ukibandika juu yake, umebandika juu ya sabuni. Dawa yake ni rahisi: osha kwa maji matupu, acha ukauke, rudia mpaka povu liishe.

Kwa hiyo stika ikianguka, igeuze kabla hujamlaumu mtu. Mgongo wake unasema yote. Gundi ikiwa safi, rangi imekataa, kama kwa yule twiga. Ikiwa na unga mweupe, rangi haina kosa. Chini yake kuna skimu ya jasi iliyopigwa harakaharaka bila praima, na ulichobandua ni ukuta wenyewe. Ikitoka na ganda zima la rangi, ni mkono mmoja wa rangi uliokuwa haujashikana na mwingine. Ikiwa na madoa madogomadogo ya rangi yenye nafasi katikati, ukuta ni rafu, au rola imeacha vipele, na gundi iligusa vilele tu. Ikiwa na majimaji au chumvi, acha stika, tafuta bomba linalovuja. Nimewahi kumwonyesha mwenye nyumba bomba lililopasuka kwa kufuata herufi zilizokuwa zinadondoka moja moja kutoka upande wa bafuni.

Muda nao una deni lake. Rangi ikikauka kwa kugusa mtu hudhani imekomaa. Bado. Kwa wiki kadhaa inaendelea kutoa maji na mvuke, ndiyo maana watengeneza vinili wengi hutaka usubiri wiki tatu hadi nne. Mkandarasi mmoja alinileta kwenye ofisi ya ghorofani ambako ufunguzi ulikuwa kesho yake na mgeni rasmi ameshaalikwa. Ukuta ulipakwa jana. Nikamwambia utatoa mapovu. Akasema, “Wewe bandika, mapovu niachie mimi.” Nikaandika onyo langu kwenye ankara, akasaini, nikabandika. Mgeni rasmi alikata utepe mbele ya ukuta wenye ndui. Ankara ile ninayo mpaka leo, na kila fundi ninayemfundisha nampa mfano wa namna ya kuiandika.

Mafundi wenzangu wana dawa zao. Wapo wanaoamini moto: wanapuliza hewa ya joto, stika inalainika, inalala vizuri, mteja anapiga picha. Joto linasaidia kwenye ukuta wa rafu, kwa sababu linailainisha gundi iingie mabondeni. Kwenye ukuta wenye silikoni linakupa muda wa kufika nyumbani tu. Wapo wanaoamini spiriti. Nami nasafisha kwa spiriti ya isopropili, sehemu 70 kwa 30 za maji, lakini kwa kupitisha tu, maana ukisugua sana inayeyusha rangi ya maji yenyewe. Thina iache kwa magari. Sabuni zenye manukato zinaacha utando.

Wengine wanakimbilia vinili ya gundi kali. Inasaidia mara nyingi, ila ukumbuke siku ya kuibandua itaondoka na rangi. Tena kuna suala la vinili yenyewe. Ile ya bei nafuu hutengenezwa kwa kusukumwa kati ya rola za moto, na baadaye huwa inataka kurudi udogo wake, kwa hiyo kila siku inaivuta gundi pembeni. Ile ya kumwagwa kimiminika ikaganda ni nyembamba, inatulia, na bei yake inamfanya mteja akune kichwa. Stika iliyochapishwa nayo ilale walau siku nzima wino utoe viyeyushi vyake kabla ya kufunikwa na kubandikwa, la sivyo gundi inalegea na kingo zinajikunja. Na pembe kali huanza kunyanyuka mapema. Nazikata zikiwa za mviringo hata mchoraji akilalamika.

Kichekesho ni kwamba vinili laini tunayoitumia ilizaliwa na mtu aliyekuwa anatafuta gundi. Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, mwaka 1926, alitaka kitu cha kushikisha mpira kwenye chuma. Gundi hakuipata, akapata plastiki inayonyumbulika.

Mimi siku hizi sikati kitu kabla ya jaribio. Nabandika vipande vya vinili ya aina mbili au tatu mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au nyuma ya kabati, nakandamiza kwa nguvu ileile nitakayotumia, naondoka. Nikirudi baada ya siku mbili navuta polepole nikisikiliza mkono. Kipande kikitoka kama barua kwenye bahasha, sikatai kazi, nakataa ukuta. Kwa yule twiga tulichora umbo la kichaka nyuma yake, tukalikwangua kwa msasa laini kuondoa ngozi ya juu, tukapiga praima ya kushikisha, kisha mikono miwili ya silki ya kawaida. Shule ikafungwa likizo, rangi ikakomaa, nikabandika twiga mpya. Mwalimu alilipa kazi ya rangi na ya stika, akanung'unika, akaniletea wateja wawili.

Wewe unayejenga au kukarabati, usitupe kopo la rangi wala usikubali fundi aondoke nalo. Andika juu ya mfuniko tarehe ya mkono wa mwisho na jina la chumba. Na ukimpigia fundi wa stika, mtumie picha ya lebo ya kopo kabla hujamwuliza bei.