Gigahezi 3.4 na sauti ya Bibi

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba. Niliinunua Kariakoo kwa mtu aliyeiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, na hapo ndipo nilipoponzeka. Zile za ofisi, zenye nembo ya kampuni usoni, kwa kawaida hazikuruhusu uguse kasi ya prosesa. Hii iliruhusu kila kitu. Ndani mlikuwa na Intel Core 2 Quad Q6600, ya mwaka 2007, viini vinne, gigahezi 2.4. Nilipoipata ilishakuwa mzee, lakini mzee mwenye mifupa.

Nilikuwa na kazi ya kuipa. Bibi yangu, Newala, alikuwa amenisimulia kwa saa nyingi, Kimakonde na Kiswahili vikipishana, jinsi walivyokuwa wakiteremka bondeni kufuata maji. Juu ya uwanda wa Makonde maji hayakai. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza. Rekodi zangu zilijaa majogoo, upepo na watoto wa jirani. Kusafisha kelele hizo kwa kasi ya gigahezi 2.4 kulikuwa sawa na kusubiri korosho ichipue.

Basi nikaingia BIOS. Hesabu ya Q6600 ni rahisi: mapigo ya msingi ni megahezi 266, yanazidishwa mara 9. Hiyo 9 imefungwa, huwezi kuipandisha, ila unaweza kuishusha (tutairudia). Unachopandisha ni mapigo. Nikaweka 333, nikapata gigahezi 3 bila jasho. Nikaweka 378, nikapata 3.4 baada ya kuongeza volteji kidogo. Ilikuwa Julai, kipupwe, Newala watu wanalala na mablanketi. Mashine ikakimbia wiki nzima. Nikasafisha rekodi zote kumi na moja, nikazifunga kwenye faili za zipu, kisha nikafuta kadi ya kinasa sauti maana ilijaa na nilikuwa na safari ya kikazi. Sentensi hiyo ya mwisho naiandika huku nimeuma meno.

Bibi alifariki Septemba.

Novemba nikashuka Masasi na kompyuta yangu kufuatilia minada ya korosho. Ukitoka Newala kwenda Masasi unateremka, na joto linakupokea njiani. Chumba nilichopanga kilikuwa na bati bila dari. Siku ya pili mashine ikaanza kuzima. Nikalaumu umeme, kama kila mtu. Nikanunua stabilaiza, ikazima na stabilaiza yake. Nikaipeleka kwa fundi karibu na stendi.

“Mwandishi, hii umeifanya nini?”

“Nimeipandisha kidogo tu.”

“Kidogo ya nani?”

Akafungua kipoza joto. Pesti ilikuwa imekauka kama chokaa, na pini moja kati ya nne haikuwa imeshika vizuri. Akafuta, akapaka mpya, akabana. Nafuu ikapatikana, siyo kupona. Fundi huyo ndiye aliyenifundisha kutafuta mpaka ulipo, na kanuni yake ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Tukashusha kizidishi kutoka 9 hadi 6 huku mapigo yakibaki 378. Prosesa sasa ilikuwa chini ya 2.3, kasi ndogo kuliko ya kiwandani, lakini mazabodi na memori vinafanya kazi ileile ngumu. Kama ingezima hapo, kosa lisingekuwa la viini. Haikuzima. Memori tukaijaribu peke yake usiku kucha, ikafaulu. Waliobaki ni wawili, joto na volteji, nao hawaachani. Ukipandisha volteji kutoka 1.3 hadi 1.4, joto linalozalishwa halipandi kwa asilimia 8. Linakwenda na kipeo cha pili cha volteji, linapanda kwa kama 16. Yaani dawa ya kuituliza ndiyo inayoichemsha. Newala viini vilikuwa vikigota nyuzi 68 chini ya mzigo. Masasi, mzigo uleule, 81.

Tukashuka hadi 3.2. Siku tatu haikuzima hata mara moja na mimi nikashangilia. Fundi hakushangilia. Akawasha Prime95, programu iliyotengenezwa kusaka namba tasa kubwa, ambayo inalijua jibu sahihi la kila jaribio inalokupa. Baada ya dakika arobaini viini vitatu vilikuwa vinaendelea na kimoja kimesimama: jibu si sahihi. Kompyuta haikuzima wala haikulalamika. Mziki ulikuwa unaendelea kupiga. Ilikosea hesabu tu, kimyakimya, na isingenieleza kama nisingeiuliza.

Nilirudi chumbani nikiwaza ile wiki ya Julai. Kule Newala jaribio langu lilikuwa kwamba mashine inawaka.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu, akinasa nyimbo za watu kwenye mitungi ya nta. Nta na jua la kwetu! Nilipomsoma zamani nilimcheka kidogo. Usiku ule sikumcheka.

Nikafungua zipu moja moja. Kumi zilifunguka. Ya saba ikagoma: namba ya ukaguzi hailingani. Siwezi kuapa kwamba ni prosesa, diski nazo huharibika, lakini najua ningeweka pesa yangu wapi. Kwa programu ya kuokoa faili nilipata dakika kumi na nne za mwanzo. Bibi anasema waliamka kabla ya jogoo, wanawake watano, mitungi kichwani. Mmoja alikuwa mjamzito. Wakaanza kuteremka, yule mjamzito akakaa chini. “Tukamwambia...” Halafu ni mlio kama mafuta kwenye kikaango, halafu hakuna kitu.

Q6600 imerudi 2.4 na iko Masasi chini ya meza. Desemba nilipanda Newala kuwauliza waliokuwa wakisikiliza siku ile. Shangazi anasema walimwambia arudi nyumbani, naye akarudi. Mama anasema hapana, walimwambia asubiri palepale, na waliporudi na maji walikuta wawili.